Je, wajua kwa nini walokole wa kwanza walirudisha vitu walivyoiba?

Neno "mlokole" tunalitumia kila siku, mara kwa heshima, mara kwa kumsema mtu. Asili yake ni Kiganda: omulokole, yaani aliyeokoka. Lilivuka mipaka pamoja na watu wenyewe, katika uamsho uliochipuka Rwanda na Uganda na kufika Kenya na Tanganyika kwenye miaka ya 1930.

Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari, na wote walikuwa na kiu ya kitu zaidi. Wakakaa kusoma Biblia na kuomba. Baadaye Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyefundisha Gahini, aliwaamsha wenzake kwa neno moja: Zukuka! Amka! Alifariki Januari 1936, ila mwito ule ukaendelea kutembea.

Mwito wenyewe ulikuwa kwa watu wa kanisani. Waliobatizwa, wenye majina ya mitume, wanaoimba kwaya. Ndugu wa uamsho walishika 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi." Wakakuita huko kutembea nuruni. Mtu akitubu kwenye ushirika, waliimba Tukutendereza, wimbo wa sifa wa Kiganda, kwa furaha. Lakini kama alikuwa ametubu wizi, mambo hayakuishia kwenye wimbo. Kitu chenyewe kiko wapi?

Basi watu wakaanza kurudisha: ng'ombe, fedha, vifaa vya mwajiri. Kwa nini wasiridhike na msamaha wa Mungu? Kwa sababu Biblia haitenganishi hayo mawili. Walawi sura ya 6 inamtaka aliyedhulumu arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano, kisha ndipo alete sadaka yake. Zakayo naye alisema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Jembe nililomwibia jirani likibaki nyumbani kwangu, jirani yangu bado analima kwa shida wakati mimi naimba. Toba yangu haijamfikia.

Walikuwa na udhaifu wao. Wengine waliungama hadharani mambo ambayo yangetosha kusemwa kwa aliyekosewa tu, wakaumiza ndoa na majina ya watu. Hapo naamini walikosea. Lakini katika suala la kurudisha walikuwa sahihi kabisa, na nasikitika kwamba ndilo tulilolisahau haraka zaidi. Leo mtu anaweza kukesha kwenye maombi Ijumaa, na Jumamosi akanunua viazi vya mkulima kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu, akalipa bei ya gunia moja. Zile debe za ziada ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Mwaka jana mama fundi wa mtaani kwetu alinibishia hodi jioni. Nikamwamkia, nikamkaribisha ndani, akakataa kukaa. Akatoa kwenye kikapu kipande cha kitenge cha bluu, kimekunjwa vizuri na kupigwa pasi.

"Mwanangu, hiki ni chako. Kilibaki kwenye gauni lako la mwaka juzi. Nilikwambia kitambaa kimetosha kwa shida, kumbe nilikitunza nimshonee mjukuu."

Nilikuwa nimeshasahau. Nikamwambia, mama, kipande kidogo hivi, si ungekaa nacho tu? Akatikisa kichwa.

"Nimekuwa nikiomba, na kila nikifumba macho nakiona. Nisamehe."

Nikamwambia nimesamehe. Macho yake yalilowa, na yangu pia. Nikamwomba basi akipokee sasa kama zawadi kwa yule mjukuu, akasita kwanza, akakipokea kwa mikono miwili. Alipoinama kukiweka kikapuni nikaona vipande vingine vimepangwa: khanga, satini, drili ya sare za shule.

"Bado nyumba nne," akasema. Akajifunga vizuri mtandio wake, akateremka kuelekea barabarani kabla giza halijaingia.