Viunganishi vya Kiingereza kwa Mwitaliano: tazama kinachofuata

Sentensi ninayoisahihisha mapema katika kila darasa jipya ni hii, au ndugu yake: "Even if I was tired, I went to the beach." Aliyeiandika anayajua maneno yote. Ukimwuliza "even if" maana yake nini, atajibu bila kusita: "anche se". Jibu ni sahihi kabisa, na sentensi bado ni mbovu.

Ninafundisha watu wazima Kiingereza hapa Malindi, na wengi wanaokaa mbele yangu ni Waitalia: wenye nyumba za wageni, wapishi, wastaafu waliohamia Watamu, vijana wanaojiandaa kwa mitihani ya chuo huko kwao. Waitalia si wageni wa jana katika pwani hii. Tangu miaka ya 1960 wapo na jukwaa lao la kurushia roketi la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, na ndipo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru iliporuka tarehe 12 Desemba 1970. Kiswahili cha sokoni wanakimudu, na vijana wetu wa ufuoni wanakimudu Kiitaliano. Lakini mkataba wa nyumba, barua ya kaunti na ripoti ya daktari huja kwa Kiingereza, na hapo ndipo wanaponitafuta. Walimu wenzangu na waongoza watalii huniuliza kwa nini mtu mwenye msamiati mpana namna hii huandika aya inayokwenda upogo. Karibu kila mara kosa liko kwenye viunganishi.

Turudi kwa "anche se". Kwa Kiitaliano neno hilo moja linafanya kazi mbili. "Anche se ero stanca, sono uscita": nilikuwa nimechoka kweli, na nilitoka. "Anche se fossi stanca, uscirei": sijachoka, ila hata ningekuwa nimechoka ningetoka. Kiunganishi hakikubadilika. Kilichobadilika ni kitenzi: "ero" ni jambo lililotokea, "fossi" ni jambo la kudhania tu. Mwitaliano husikiliza kitenzi ili ajue kama anaambiwa ukweli au dhana. Kiingereza hakimpi nafasi hiyo, kwa sababu tofauti imeshawekwa kwenye kiunganishi chenyewe: "although" au "even though" kwa lililotokea, "even if" kwa la kudhania. Msomaji wa Kiswahili halihitaji somo refu hapa, kwa kuwa "ingawa" na "hata kama" zimeligawa shamba hilo hilo kwa mpaka ule ule. Mimi huwaambia wanafunzi wanaojua Kiswahili: ukiweza kusema "ingawa", usithubutu kuandika "even if".

Hili la "anche se" si kisa cha pekee. Kiitaliano kina tabia ya kuuacha mzigo kwa kitenzi, au kwa kaneno kadogo kando yake, mahali ambapo Kiingereza huchagua kiunganishi kingine kabisa. Mwenye kuliona hilo ameshaelewa nusu ya makosa yatakayomjia mezani.

Chukua "finché". "Resta finché vuoi" ni kaa kadiri utakavyo. "Resta finché non torno" ni kaa mpaka nirudi. Kinachozitenganisha ni "non" tu, na hiyo "non" wala haikanushi kitu. Kiingereza kina "as long as" kwa ya kwanza na "until" kwa ya pili, na "until" haitaki ukanushi. Mwitaliano anayetafsiri neno kwa neno anaandika "Wait here until I don't come back", yaani subiri hapa mpaka nisirudi, na mlinzi aliyeachiwa karatasi hiyo getini ana haki ya kujiuliza bosi wake anakimbia nini. "A meno che non", yaani isipokuwa, ina ugonjwa huo huo na huzaa "unless it doesn't rain" pale mtu anapotaka kusema mvua isiponyesha, mambo yataendelea. Msiwacheke. Sisi tunasema "ondoka kabla hajafika", tukiweka ukanushi usiokanusha, na hakuna anayeshangaa. Nikiandika "kabla hajafika" ubaoni kando ya "finché non arriva", Waitalia waliokaa sana pwani huitikia kwa kichwa kabla sijaeleza lolote.

Halafu kuna "alla fine". Kwa Kiitaliano ni "alla fine del film" na pia ni "alla fine ho deciso". Matokeo yake barua nzuri ya malalamiko inafika kilele kwa "At the end we decided to leave the hotel", na msomaji anabaki akingoja: mwisho wa nini? Kiingereza kinataka "at the end of" kitu fulani, mwisho wa mwezi, mwisho wa barabara. Hatima ya mambo ni "in the end". Kwetu ni mwishoni na mwishowe. Tofauti ni silabi moja ya mwisho, lakini hakuna Mswahili atakayesema "mwishoni nikaamua" na kuridhika.

Sasa nije kwenye kundi ninalolichukia na kulipenda kwa pamoja: maneno yanayofanana kwa sura. "Actually" na "attualmente". "Eventually" na "eventualmente". "In fact" na "infatti". Wanafunzi wameonywa juu ya mawili ya mwanzo tangu shule ya msingi, na bado huteleza, lakini angalau ukiwaonyesha kidole hushika kichwa. "Attualmente" ni kwa sasa, hivyo "Actually I live in Watamu" inamfanya msikilizaji ahisi amesahihishwa, kana kwamba yeye alidhani unakaa Mambrui. "Eventualmente" ni ikibidi, au pengine. "Eventually" ni baada ya muda mrefu, hatimaye. Mwenye hoteli akimwandikia fundi wake "Eventually I can pay you on Friday" anadhani ametaja Ijumaa kama uwezekano tu, ikilazimu. Fundi anasoma kwamba baada ya danadana zote hizi, Ijumaa pesa inatoka. Atakuja Ijumaa.

Hatari zaidi ni "in fact", kwa sababu haionekani. "Infatti" kwa Kiitaliano huthibitisha lililotangulia: nilisema itanyesha, na kweli ikanyesha. Kamwe haigeuki nyuma kupinga. "In fact" ya Kiingereza hupandisha dau, "It was warm, in fact it was boiling", au hukanusha kabisa, "They told us it was open, in fact it had closed." Kwa hiyo Mwitaliano akiandika "He said he was a good driver. In fact we arrived safely", yeye amemsifu dereva. Mwingereza anasita kidogo, akitafuta mgongano ambao haupo. Hapo "sure enough" au "and indeed" ingetosha. Mara nyingi hata kiunganishi hakihitajiki; sentensi mbili zikikaa jirani zinaelewana zenyewe.

Kitu kilichonichukua muda kukiona, na ambacho sijakikuta katika vitabu tunavyotumia hapa, ni kwamba "actually" na "in fact" zina kazi halali katika kinywa cha Mwitaliano. Zinamngoja kwenye neno "anzi". Wengi hulalamika kwamba "anzi" haina mwenzake kwa Kiingereza. Tazama: "Non è caro, anzi, è economico." Si ghali, bali ni bei nafuu. Kiingereza: "It's not expensive. In fact, it's quite cheap." Na mtu akijirekebisha katikati ya maneno, "Ci vediamo alle cinque, anzi, alle sei", Kiingereza chake ni "See you at five. Actually, make it six." Basi yale maneno mawili yaliyokuwa yakimwaibisha kwa miaka ndiyo aliyokuwa akiyatafuta, ila alikuwa akigonga mlango usio wake. Siku ninapolifundisha hili darasa huchangamka kuliko siku nyingine yoyote.

"Invece", ambayo ni badala yake au kwa upande mwingine, nayo huzaa "My husband likes fish, I instead prefer meat." "Instead" inataka kitu kiondoke na kingine kikae mahali pake, kama "badala yake". Hapa hakuna kilichoondoka, mume na samaki wake wapo palepale. Tumia "whereas", au "but" tu.

Mpaka hapa nimezungumzia kinachotangulia na maana. Upande wa pili ni kinachofuata, na huu ni wa kisarufi zaidi, hivyo unafundishika haraka. "Nonostante" hukubali nomino na hukubali sentensi nzima: "nonostante la pioggia", "nonostante piovesse". "Despite" hukubali nomino tu, au kitenzi chenye "-ing". Kwa hiyo "despite it was raining" haisimami. Ni "despite the rain" au "although it was raining". Ongezea na "of" wanayoichomeka, "despite of", iliyoibwa kutoka "in spite of". "During" ni hivyo hivyo: nomino peke yake. Anayetaka sentensi achukue "while". Na "prima di partire" isiwe "before to leave". Baada ya "before", "after" na "without" kitenzi huvaa "-ing".

Kuna mahali pamoja ambapo mwalimu Mswahili hapaswi kuliamini sikio lake. Mwitaliano husema "Quando arriverò, ti chiamerò", wakati ujao pande zote mbili, na huandika "When I will arrive, I will call you." Sisi je? "Nitakapofika, nitakupigia." Wakati ujao mara mbili, sawasawa naye. Kosa lake kwetu linasikika tamu. Nimeona madaftari yaliyosahihishwa na wenzangu ambamo "as soon as I will arrive" imepita bila hata doa la kalamu nyekundu. Kiingereza hakitaki "will" baada ya "when", "as soon as", "until" na "before" za namna hii. Na tukiwa hapo hapo, "Although he was sick, but he came" ni ya kwetu zaidi kuliko ya Waitalia: inatoka moja kwa moja kwenye "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja." Kiingereza kinachukua kimoja tu, "although" au "but".

Zipo tafsiri za moja kwa moja ambazo hazihitaji nadharia, ni za kufuta tu. "For what concerns the rent" inatoka "per quanto riguarda". Sema "as for the rent", au anza tu na kodi yenyewe. "According to me" ni "secondo me", wakati Mwingereza husema "according to" akimtaja mtu mwingine, kamwe si yeye. "Seen that" na "from the moment that" zote mbili zinataka kuwa "since". Na "magari!", ambayo kwa Kiitaliano ni laiti au pengine, Kiingereza chake ni "I wish!" au "maybe". Ninaitaja zaidi kwa ajili ya waongoza watalii, ambao bado hugeuka kutazama barabarani.

Shida ya mwisho ni ya wingi, na inatoka shuleni. Mwanafunzi wa Italia amelelewa kwenye "tema", insha ndefu yenye sentensi ndefu, kisha akija kwenye mtihani wa Kiingereza anakabidhiwa orodha: "moreover, furthermore, nevertheless, on the other hand". Insha ya mtihani wa B2 First wa Cambridge ina maneno 140 hadi 190. Ukipachika "moreover" tatu na "furthermore" mbili humo, unasikika kama wakili anayesoma hati ya mashtaka. Katika IELTS, mtihani mwingine wa Kiingereza, mshikamano wa maandishi ni kimoja kati ya vigezo vinne vya kutoa alama za uandishi, na watu hudhani maana yake ni kurundika viunganishi, kumbe maelezo ya vigezo hivyo yanataja kuvitumia kupita kiasi kama kasoro. Kiingereza huunganisha sana kwa "this", kwa kurudia nomino, kwa mpangilio tu. Na "however" si "però", yaani lakini. Huwezi kuichomeka baada ya mkato katikati ya sentensi mbili kamili, "The room was nice, however the fan was broken". Weka nukta au nuktamkato.

Kwa vitendo nimeacha kabisa orodha zenye safu mbili, Kiingereza huku na Kiitaliano kule. Ninawapa nusu ya sentensi, "The landlord said the roof was new. In fact…", na kuwataka waseme kwa Kiitaliano kitakachofuata lazima kiwe cha aina gani kabla hawajaandika hata neno moja la Kiingereza. Wakisema paa lilikuwa jipya kweli, tunarudi nyuma. Wakisema lilikuwa linavuja, tunaendelea na "Despite…", na hapo swali hubadilika: je, kinachokuja ni nomino au sentensi? Mazoezi kama hayo huchukua dakika chache mwanzoni mwa somo. Kila mwanafunzi huleta sentensi moja aliyoiandika wiki hiyo katika barua au ujumbe wa kweli, kwa kuwa za kwenye kitabu hawazikosei.