Nzi wa kwenye pini hatambuliwi kwa rangi

Wengi huamini kuwa nzi aliyekaushwa na kuchomwa pini hutambulika kwa rangi na ukubwa: mtaalamu anamtupia jicho, anataja spishi. Si hivyo. Rangi hufifia, na ukubwa hutegemea sana chakula alichopata akiwa funza.

Chukua mbung'o. Kumjua kuwa ni mbung'o ni rahisi, kwani katikati ya bawa mishipa huchora umbo la shoka. Ugumu ni kujua ni mbung'o yupi. Glossina morsitans ana ncha nyeusi kwenye pingili mbili za mwisho za nyayo za mbele na za kati. Glossina pallidipes hana. Alama hizo ni ndogo mno, na mguu mkavu hukatika kwa kuguswa tu.

Kwa nzi wa nyama ni kazi zaidi. Karibu wote ni wa kijivu wenye milia mitatu kifuani, hivyo dume hulainishwa ncha ya tumbo, viungo vya uzazi vikavutwa nje na kutazamwa kwa hadubini. Jike mara nyingi huishia kuandikwa jina la jenasi tu, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, na lebo hiyo ni ya kuheshimiwa, maana inasema kweli.