Hatari Ina Saa Zake: Kuishi Jirani na Simba, Chui na Fisi

Watu wengi huamini kwamba wanyama wakubwa walao nyama ni wa hifadhini, na kwamba tatizo huanza pale mnyama anapovuka mpaka. Mpaka huo simba haujui. Eneo analohitaji ili apate chakula mara nyingi ni kubwa kuliko lile ambalo hifadhi inaweza kumpa, na kwa hiyo sehemu ya maisha yake hupita katika malisho, mashamba na vichaka ambavyo watu nao wanavitegemea. Katika jimbo la Gujarat nchini India, ambako simba 674 walikadiriwa mwaka 2020, si haba kati yao waliishi nje ya mipaka ya hifadhi ya Gir. Ulaya nayo ina dubu wapatao 17,000 kwa mujibu wa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014, na wengi wao wanaishi katika ardhi inayotumiwa na watu.

Jambo ambalo ningependa kila kaya inayoishi katika maeneo ya namna hiyo ilifahamu ni kwamba mashambulizi hayatokei ovyo, kwani yana saa zake, majira yake na mahali pake.

Kusini mwa Tanzania ndiko somo hili lilikofunzwa kwa machungu makubwa. Watafiti waliochambua kumbukumbu za kuanzia mwaka 1990 hadi 2004 walikuta kwamba simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 nchini, na walipofuatilia chanzo walikutana na mnyama ambaye hakuna aliyemtarajia, yaani nguruwe mwitu. Mazao yanapokaribia kuvunwa, nguruwe huyafuata. Mkulima naye huhamia shambani, akalala katika dungu la miti na nyasi ili ayalinde. Simba humfuata nguruwe, na usiku humkuta mtu. Kwa maoni yangu, kumzuia nguruwe asifike shambani, iwe kwa mtaro au kwa uzio, ni sehemu ya ulinzi wa uhai wa mkulima na haipaswi kuhesabiwa kuwa suala la mazao peke yake.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mashambulizi mengi yalitokea kati ya magharibi na saa nne usiku, hasa katika siku zinazofuata mbalamwezi kamili. Wakati wa mbalamwezi simba huwinda kwa shida kwa sababu mawindo yanamwona. Mwezi unapoanza kuchelewa kuchomoza, giza la jioni humkuta ana njaa, ilhali watu bado wako njiani. Siku hizo safari ya kisimani au ya kwa jirani ifanyike jua likiwa bado juu, na watoto wasitumwe peke yao.

Kwa mfugaji, mahali pa hatari ni zizini. Mara nyingi simba hana haja ya kuingia: hulizunguka zizi mpaka harufu yake iwafikie ng'ombe, nao wakishikwa na kiwewe husukumana, huvunja uzio kutoka ndani na kutawanyika gizani. Zizi imara, basi, ni lile linalohimili msukumo wa ng'ombe wenyewe, na ambalo ng'ombe hawawezi kuona nje. Chui hupanda na kuruka, kwa hiyo banda la mbuzi linahitaji paa; fisi hutafuta upenyo chini ya uzio. Katika nyika ya Wamaasai, kaskazini mwa Tanzania, wafugaji wameunganisha wavu wa waya na miti hai, ambayo hunenepa mwaka hadi mwaka na kuushikilia wavu huo pasipo kuliwa na mchwa kama nguzo kavu.

Hakuna mtaalamu mwenye haki ya kumweleza mzazi aliyefiwa kwamba simba ana faida kwa taifa. Hasira ya mtu aliyepoteza mtoto, au ng'ombe aliyekuwa ada ya shule, ni ya haki, na kifuta jasho au kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa aliyepata hasara au kufiwa kwa sababu ya wanyamapori, kinachochelewa huiongeza. Hata hivyo, nawasihi wananchi wasitie sumu katika mzoga. Sumu haichagui aliyekosa: huua tai kwa makumi, huua fisi na mbweha, huua mbwa wa nyumbani, na inaweza kumdhuru binadamu atakayegusa au kula nyama hiyo.

Mnyama wako akiuawa, uache mzoga ulipo, zuia watu na mifugo wasikanyage nyayo zilizobaki, piga picha ikiwa una simu, na utoe taarifa siku hiyo hiyo kwa uongozi wa kijiji na kwa ofisa wa wanyamapori, kwa kuwa nyayo hufutika haraka na bila hizo ni vigumu kuthibitisha ni mnyama gani aliyeua.