Kadi ya kizamani: maji yote yaishie kwenye paneli

Kadi nyingi za mkono zenye sura ya kizamani huharibika kwa namna mbili. Zinapakwa kahawia kila sehemu hadi zinafanana na karatasi iliyofungiwa maandazi, halafu zikikauka zinapinda kama kigae. Kosa la kwanza ni la macho, la pili ni la maji, na dawa yake ni kumalizia maji yote kwenye paneli, yaani tabaka za juu zinazotengenezwa peke yake kabla ya kubandikwa kwenye kadi. Nitaanza na la macho kwa sababu halina gharama kulirekebisha.

Kizamani si kahawia. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843, kwa agizo la Henry Cole na mchoro wa John Callcott Horsley, nayo ilitiwa rangi kwa mkono. Miaka ya 1870, Louis Prang kule Boston alikuwa akichapa kadi kwa kromolithografia, yaani kila rangi na jiwe lake, rangi moja juu ya nyingine. Ni kazi yenye wekundu mkali, kijani kibichi na dhahabu. Zile zilizotunzwa ndani ya albamu, mbali na jua, bado zinawaka. Kinachoonyesha umri wake ni pembe zilizolainika kwa vidole, na mgongoni madoa ya gundi yenye vinyuzi vya karatasi ya albamu pale zilipobanduliwa.

Kwa hiyo kabla hujachemsha chai ya kuzeeshea karatasi, amua kadi yako iliishi wapi. Iliyokaa ukutani inapauka uso mzima isipokuwa pale palipofunikwa na fremu, na ina tundu la pini lenye kutu. Iliyosafiri kwa posta ina pembe moja iliyokunjika na muhuri uliokanyaga stempu. Iliyokaa pwani kwenye unyevu ina vidoa vidogo vya rangi ya kutu, vimejikusanya upande mmoja, havikusambaa sawasawa kama upele. Chagua maisha mawili, usizidi. Kadi yenye kutu, nyufa, moto pembezoni, kahawa iliyomwagika na muhuri wa posta kwa pamoja haimdanganyi mtu.

Jambo dogo kwa wanaotengeneza postikadi. Uingereza iliruhusu mgongo wa postikadi ugawanywe kwa mstari wa katikati, ujumbe kushoto na anwani kulia, mwaka 1902. Marekani mwaka 1907. Kabla ya hapo mgongo ulikuwa wa anwani peke yake, na salamu zilibanwa upande wa picha, kwenye ukingo mweupe. Ukitengeneza postikadi ya Zanzibar ya miaka ya 1890 kisha ukaweka mstari katikati ya mgongo, anayejua ataiona mara moja. Picha za wakati huo zipo, kwa mfano za studio ya A. C. Gomes ya Zanzibar. Tumia kopi tu. Postikadi na stempu halisi, hata zile za kawaida zenye maandishi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, haziliwi na mkasi.

Karatasi na mkunjo wake

Kadi ya msingi iwe ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Manila ya shuleni ni nyepesi kwa msingi ila inafaa sana kwa tabaka za katikati.

Kila karatasi ya kiwandani ina mwelekeo wa nyuzi. Ikunje kufuata nyuzi, mkunjo unatoka laini. Ikunje kukata nyuzi, uso unapasuka na kutoa weupe wa ndani. Kuujua mwelekeo, shika karatasi bila kuikunja, ipinde kidogo kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. A4 nyingi zina nyuzi zinazokwenda na urefu wa mm 297, ndiyo maana ukiikunja A4 katikati mgongo unachanika hata ukibonyeza taratibu. Afadhali ukate A4 katikati upate vipande viwili vya mm 210 kwa 148, kisha kila kimoja ukikunje kwenye mm 105. Hapo mkunjo unalala sambamba na nyuzi, na una kadi mbili zinazoingia kwenye bahasha ya C6 (mm 114 kwa 162) bila kubanana.

Kabla ya kukunja, chora mfereji kwa bolpeni iliyokwisha wino, ukifuata rula ya chuma, juu ya gazeti lililokunjwa mara mbili. Tuta linalotokea upande wa pili ndilo linalokaa ndani ya mkunjo. Wengi hufanya kinyume kwa sababu mfereji unaonekana kama unaita kukunjiwa humo.

Vipimo vyangu kwa kadi ya tabaka tatu: msingi 105 kwa 148, tabaka la karatasi ya chai 99 kwa 142, fremu ya juu 93 kwa 136. Ukingo wa mm 3 kila upande. Ukipunguza hadi mm 2, kosa dogo la mkono linaonekana. Ukifika mm 5, tabaka la chini linaanza kudai macho.

Chai

Vifuko 5 vya majani ya chai ndani ya nusu lita ya maji yaliyochemka, dakika 10, kisha toa vifuko uache yapoe hadi uvuguvugu. Majani makavu tu. Usitumie chai iliyobaki kwenye birika la nyumbani: sukari inaita sisimizi, maziwa yanaita ukungu, na kadi itanuka kabla haijafika.

Karatasi iwe ya kawaida ya gramu 80 hadi 120. Karatasi ya kung'aa haipokei, maana uso wake umefunikwa kwa unga laini unaozuia maji. Chai inajikusanya juu yake kama matone kwenye jani la mgomba. Kadi nene nayo usiilowanishe, inavimba na hairudi. Zamisha karatasi moja moja kwa dakika 5 kwenye sinia la plastiki. Sufuria ya bati yenye kutu itakuletea madoa meusi, kwa sababu chai ina tanini na tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi. Ni mchezo uleule uliokuwa ukitumika kutengeneza wino wa zamani. Ukiyataka madoa hayo kwa makusudi, loweka kipande cha waya wa kusugulia sufuria, ule wa chuma kinachoshika kutu, ndani ya siki usiku kucha, ongeza maji, kisha gusa karatasi ya chai kwa ncha ya brashi. Tone moja linatosha.

Laza karatasi juu ya kioo au kitambaa cheupe. Ukiianika kwa vibanio, chai inateremka na ukingo wa chini unakuwa mweusi kuliko mwingine. Vidoa vya unyevu wa pwani vinapatikana kwa mswaki wa zamani: kahawa ya kuyeyuka, kijiko kimoja cha chai kwa vijiko vitatu vya maji, rusha kutoka umbali wa sentimita 20, pembe moja tu. Rangi ikikauka hupungua, kwa hiyo usihukumu karatasi ingali mbichi. Ikibaki na unyevunyevu kidogo, ipige pasi ya moto mdogo bila mvuke, kati ya vitambaa viwili.

Giza la pembezoni halitoki kwenye beseni. Karatasi za mbao, zilizoenea kuanzia katikati ya karne ya 19, huwa kahawia zikikutana na hewa na mwanga, na kingo ndizo zinazokutana navyo kwanza. Weka wino wa kahawia kwenye kipande cha sponji, kigonge kwanza kwenye karatasi ya taka, kisha anza kusugua nje ya karatasi ukiingia ndani. Ukianzia ndani, mguso wa kwanza unaacha alama ya duara ambayo haifutiki.

Picha na gundi

Picha itolewe kopi kwenye mashine ya tona, yaani wino wa unga. Mwambie wa steshenari hivyo hivyo, kwa sababu printa ndogo nyingi hutumia wino unaoyeyuka, na gundi ikiugusa nyuso zinachuruzika. Jaribu kwa kidole kibichi kwenye ukingo wa kopi: ikiacha rangi kidoleni, hiyo haifai.

Gundi nyeupe ya seremala, sehemu 2 kwa sehemu 1 ya maji. Paka mgongo wa kipande, ukianzia katikati kwenda nje, kisha subiri kama nusu dakika. Hapo ndipo wengi wanakosea. Karatasi ikilowa inatanuka. Ukiibandika papo hapo inaendelea kutanuka ikiwa imeshashikwa, na inainuka makunyanzi. Ukiipa muda itanuke kwanza, inapokauka inajivuta na kulala bapa. Weka karatasi ya kuokea juu yake, sugua kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati.

Huko kujivuta ndiko kunakopinda kadi. Karatasi iliyobandikwa mbichi juu ya manila inaposinyaa inaivuta manila iinamie upande wake. Dawa ni mbili, na mimi huzitumia zote. Bandika karatasi ya kawaida ya ukubwa uleule mgongoni mwa manila, ivute upande wa pili, zilingane nguvu. Na kazi yote ya maji, chai, gundi, rangi, ifanyike kwenye paneli iliyo peke yake. Kadi ya msingi isione hata tone. Paneli ikishakaa chini ya vitabu vizito usiku mzima, kati ya karatasi za kuokea, ndipo inapandishwa kwenye msingi kwa selotepu ya pande mbili. Ikiharibika, umepoteza paneli, kadi ipo.

Unga wa ngano uliopikwa unashika vizuri pia, lakini mende na wadudu wa vitabuni wanaupenda kuliko wewe.

Nyufa

Nyufa ni tabia ya rangi juu ya mbao. Kadi ya karatasi ya zamani haikuwa na nyufa, kwa hiyo usizitie juu ya picha. Zitie kwenye fremu. Kata fremu kwenye boksi la biskuti au manila nene: nje 93 kwa 136, dirisha 61 kwa 104, ukingo unabaki mm 16 pande zote. Picha ya nyuma iwe 71 kwa 114 ili ipate pa kushikia.

Paka rangi ya akriliki (huchanganywa na maji, ikikauka huwa kama plastiki) ya kahawia nzito, pande zote mbili za fremu, iache ikauke kabisa. Kisha gundi nyeupe bila kuongeza maji, unene unaofunika rangi lakini hautiririki. Sasa subiri, na hapa saa haisaidii, kidole ndicho kipimo: gusa pembeni, gundi ishike kidole lakini isitoke nacho. Siku kavu ni kama dakika 10, Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika inaweza kufika 30. Chukua akriliki ya krimu iliyolegezwa kidogo, brashi iliyojaa, pitisha mara moja kuelekea upande mmoja, na usirudi palepale. Rangi ya juu inakauka na kusinyaa haraka wakati gundi ya chini bado inateleza, hivyo inachanika. Nyufa zinafuata njia ya brashi.

Zisipotokea, gundi ilikuwa imekauka. Paka upya juu yake. Rangi ikigeuka tope, uliwahi. Ukirudisha brashi mara ya pili unapata mavi ya kuku, na hakuna dawa ila kufuta yote kwa kitambaa kibichi kabla haijashika. Gundi nene inatoa nyufa pana na chache, nyembamba inatoa nyingi za nywele. Usiharakishe kwa mashine ya kukaushia nywele, gundi inatoa mapovu. Fremu ikikauka, pitisha msasa laini kwenye pembe tu, pale ambapo mkono ungeshika.

Mwisho ni muhuri. Wino wa kawaida wa ofisini unayeyuka, basi upige baada ya kazi zote za maji kumalizika, nusu juu ya stempu ya kopi na nusu juu ya karatasi, kama karani wa posta aliyechoka. Lesi, uzi wa katani na vifungo huja baada yake, na hapo pima unene. Royal Mail, yaani posta ya Uingereza, huhesabu barua ya kawaida hadi mm 5. Kifungo cha koti juu ya tabaka tatu kinapita hapo na mpokeaji anaweza kudaiwa nyongeza. Uzi uliozungushwa mara mbili ukafungwa fundo bapa unatosha.

Kwa anayetengeneza nyingi kwa pamoja: nyuso za akriliki hushikana zikipangwa moja juu ya nyingine, hasa kwenye joto la pwani, hata baada ya wiki. Sugua fremu kwa mshumaa mweupe kisha ifute kwa kitambaa kikavu, na weka karatasi ya kuokea kati ya kadi na kadi. Nailoni usitumie, nayo itanata.