Kirusi cha TT na homa ya ini: dhana potofu na ukweli

Mwaka 1997 watafiti wa Japani, Tsutomu Nishizawa, Hiroaki Okamoto na wenzao, walitangaza kirusi kipya kutoka katika damu ya mgonjwa aliyepata homa ya ini baada ya kuongezewa damu, ilhali vipimo vya virusi vyote vya ugonjwa huo vilivyojulikana havikuonesha kitu. Kikaitwa TT.

Dhana potofu ya kwanza ni kwamba kirusi hicho kilioteshwa maabara kikaonekana kikiharibu ini. Kilichopatikana kwanza kilikuwa kipande cha DNA tu: watafiti walilinganisha damu ya mgonjwa huyo iliyochukuliwa kabla ini halijaathirika na ile iliyochukuliwa baadaye, wakaondoa kilichofanana, wakachunguza kilichosalia.

Wengine hudhani TT ni kifupisho cha namna kinavyoambukizwa, yaani maneno ya Kiingereza "transfusion-transmitted" (kuambukizwa kwa kuongezewa damu). La hasha, ni herufi za mwanzo za majina ya mgonjwa. Jina la sasa, Torque teno, lilitungwa baadaye kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya mkufu na wembamba, kwa kuwa DNA yake ni uzi mmoja uliofungwa duara.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba, kwa kuwa kilitoka kwa mgonjwa wa homa ya ini, basi ndicho kilichomuuguza. Vipimo vya awali vya PCR, yaani vya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kiweze kuonekana, vilinasa baadhi tu ya aina zake, kwa hiyo kilionekana kwa watu wachache. Vilipoelekezwa kwenye sehemu ya DNA isiyobadilika sana, kirusi kilikutwa kwa watu wengi mno wenye afya njema, watoto wakiwamo, na hadi leo hakijathibitishwa kusababisha ugonjwa wowote. Kukishtaki kwa sababu ya kukutwa kwa mgonjwa, bila kuwapima wenye afya, ni sawa na kumshuku kila aliyeonekana msibani kuwa ndiye muuaji.

Hata hivyo si kweli kwamba utafiti huo ulipotea bure. Kinga ya mwili inaposhuka, kirusi hiki huongezeka katika damu. Ndiyo maana watafiti, wakiwamo wa Vienna nchini Austria, wanakitumia kuchunguza kama mtu aliyepandikizwa figo anapewa dawa nyingi mno za kupunguza kinga, hali inayokaribisha maambukizi, au chache mno, mwili ukaweza kuikataa figo hiyo.