Je, wajua kwa nini vikope vilitoweka London vikabaki Kongwa?

Mwaka 1805 jijini London ilifunguliwa zahanati ya macho ambayo leo ni hospitali maarufu ya Moorfields. Iliyosukuma kuanzishwa kwake ni hali ya askari waliorudi kutoka vita vya Misri wakiwa na macho mekundu yanayotoka usaha, wengine wakiishia kupofuka. Kwa sehemu kubwa ulikuwa ugonjwa huu tunaouita vikope, au trakoma. Miaka mia moja baadaye jiji hilo bado lilikuwa na shule maalumu za watoto wenye macho mabovu, karibu wote wakiwa watoto wa maskini waliolelewa katika majumba ya hifadhi, wakilala wamebanana na kujifuta kwa taulo moja. Watoto wa matajiri hawakuonekana huko.

Kisha ugonjwa ukaisha, na si kwa sababu ya dawa. Bakteria anayeuleta, Chlamydia trachomatis, alikuja kuoteshwa maabara na mwanasayansi wa China, Tang Feifan, na habari hiyo ikachapishwa 1957. Kufikia hapo London ilikuwa imeshausahau. Ulikuwa umeondolewa na maji ya bomba, vyoo, nyumba zenye nafasi na vipato vilivyopanda.

Sasa tuje nyumbani. Kongwa, mashariki mwa jiji la Dodoma, ni mojawapo ya wilaya zilizochunguzwa kwa kina zaidi duniani kuhusu ugonjwa huu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania na wa nje, akiwemo Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamehesabu watoto wenye vikope kijiji kwa kijiji. Mengi tunayoyajua leo kuhusu vikope yalijulikana kwenye nyuso za watoto wa Kigogo.

La kwanza ni kwamba vikope havipofushi kwa kuambukizwa mara moja. Mtoto akiambukizwa leo, jicho likavimba, likapona, asipoambukizwa tena anakuwa mtu mzima mwenye macho yake kamili. Upofu unatokana na kurudiwa: leo kaupata kwa dada, baada ya miezi kaupata kwa mtoto wa jirani, mwakani tena kwa mdogo wake. Kila mara upande wa ndani wa kope la juu unavimba, na uvimbe unaorudiarudia unaacha kovu. Makovu yakiwa mengi kope linajikunja, nywele zake zinaelekea ndani, na kila mtu anapopepesa zinakwangua kioo cha jicho hadi kinakuwa cheupe. Hayo huchukua miaka ishirini, thelathini, hata zaidi.

Kwa hiyo tajiri na maskini wanaweza kukutana na bakteria yuleyule. Tofauti yao ni kwamba mmoja anakutana naye mara moja, na mwingine anakutana naye utoto mzima.

Tazama kinachomrudishia mtoto maambukizi. Katika nyumba ya chumba kimoja au viwili, iwe tembe au ya bati, watoto wanne wanalala mkeka mmoja na kujifunika shuka moja. Tongotongo na makamasi ya mmoja vinahamia kwa mwenzake kwa vidole, kwa khanga ya mama inayomfuta huyu kisha yule, na kwa nzi. Nzi anayehusika anaitwa Musca sorbens, na anapenda kuzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Ndani ya shimo la choo hazaliani vizuri. Maana yake choo cha shimo tu, hata kisicho na sakafu ya saruji, kinapunguza nzi wanaotua machoni mwa watoto. Lakini kisaidie vipi ikiwa ni choo cha kaya moja, na kaya kumi za kitongoji hazina uwezo wa kuchimba?

Halafu maji. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. (Ni Kongwa hiihii ambako mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulianguka, ukame ukiwa mojawapo ya sababu.) Kiangazi kikikolea, makorongo yanabaki mchanga mtupu, na mama anachimba mchangani na kusubiri maji yajikusanye, akiyateka kwa kikombe hadi dumu la lita 20 lijae. Akifika nyumbani dumu hilo lina wenyewe: ugali, maji ya kunywa, vyombo, ndama. Uso wa mtoto unakuja mwisho. Watafiti wa Kongwa waligundua kwamba wengi waliamini kuosha nyuso kunamaliza maji. Walipojaribu pamoja, lita moja ikaosha nyuso nyingi kuliko walivyodhani. Kibuyu chirizi kilichotundikwa nje ya mlango kinatosha kazi hiyo.

Hapa ndipo watu wa mjini tunapokimbilia kusema ni uchafu wao. Sikubali kabisa. Jaribio lililofanywa katika vijiji vya Kongwa na kuchapishwa 1995 lilionyesha kwamba vijiji vilivyopata kampeni ya kuosha nyuso pamoja na dawa ya macho vilikuwa na watoto wachache wenye vikope vikali kuliko vijiji vilivyopata dawa tu. Elimu inafaa. Ila hata katika vijiji hivyo, watoto wengi nyuso zao hazikubaki safi muda wote, kwa sababu elimu haipunguzi umbali wa kisima. Mimi ninayefungua bomba uani sistahili sifa kwa uso safi wa mwanangu.

Anayedhani ni suala la joto na vumbi aangalie Australia. Ni nchi tajiri, lakini vikope viliingia nayo karne ya 21, na viliwabakia Waaborijini wa vijiji vya mbali, huku wakazi wa miji mikubwa wakiwa wamevisahau kwa vizazi. Ghana, yenye kipato kidogo kuliko Australia kwa mbali, ilithibitishwa mwaka 2018 kuwa imevimaliza kama tatizo la afya ya jamii. Malawi nayo ikathibitishwa 2022.

Tanzania nayo imepiga hatua kubwa. Azithromycin, dawa ya kuua bakteria inayotolewa kama msaada na kampuni ya Pfizer, imegawiwa kama kingatiba kijiji kizima kwa wakati mmoja, na wilaya nyingi zimeshuka chini ya kiwango cha asilimia 5 ya watoto wa mwaka 1 hadi 9 wenye vikope. Ugonjwa umeng'ang'ania zaidi kwenye maeneo ya wafugaji kama Longido na Ngorongoro, ambako maji yako mbali zaidi na watu wanahama na mifugo.

Ila kingatiba haifuti makovu ya zamani, na wanaoyabeba zaidi ni wanawake. Shirika la Afya Duniani linasema wanapofuka kwa vikope hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Wengi hujing'oa nywele za kope kwa kibano, na zikiota tena zinakuwa fupi na ngumu. Upasuaji wa kugeuza kope ni mdogo, hufanywa kwa ganzi, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hata pale unapotolewa bure wako wasioufikia: hakuna nauli, hakuna wa kubaki na watoto, au mwenye kauli nyumbani hajaruhusu. Ukimwona bibi au shangazi anajing'oa nywele za kope, usimwambie tu aende kituo cha afya. Ulizia lini timu ya macho inakuja, lipa nauli, umsindikize.