Jeki Haikati Ngozi: Dhana Potofu Kuhusu Presi ya Kukatia ya Kujiundia

Nimeona presi yenye jeki ya tani 20 na nguzo nene za kutisha ikishindwa kutoa soli moja safi. Mbele ilikuwa imekatika vizuri, lakini kisigino kilibaki kimeshikwa na nyuzi za ngozi. Mwenyewe alizidi kupampu mpaka chuma kikaanza kulia, akakata shauri kutafuta jeki ya tani 30. Fedha yake ingepotea bure, kwa sababu jeki yake haikuwa na kosa lolote.

Presi ya kukatia ngozi si kitu cha miujiza. Kuna fremu ya chuma, jeki ya chupa kama zile za lori, kisu kilichopindwa kwa umbo la kipande unachotaka (mafundi wengine hukiita dai), na ubao wa kupokea makali. Fundi wa makubadhi anayekata soli na kanda zilezile siku baada ya siku anaokoa kiganja chake na anapata jozi zinazolingana. Ya kiwandani ni ghali. Ya kujiundia inawezekana kabisa, ila maneno yanayozunguka vijiweni kuhusu namna ya kuiunda yamewagharimu watu wengi chuma na ngozi.

“Tani nyingi ndiyo mkato mzuri”

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na naomba tuipigie hesabu. Soli ya mtu mzima ina mzingo wa karibu sentimita 65. Kisu kinaigusa ngozi kwenye mstari huo tu, si kwenye eneo lote la soli. Tuseme makali yako yana unene wa milimita 0.1 pale nchani. Milimita 650 mara 0.1 ni milimita za mraba 65. Jeki ikisukuma kwa tani 5, kila milimita ya mraba ya makali inapata kilo 77. Hiyo ni nguvu kubwa mno.

Sasa chukua kisu kilekile kikiwa butu, nchani kimefikia nusu milimita. Eneo limekuwa milimita za mraba 325, na tani zako 5 zimegawanyika kuwa kilo 15 tu. Ili kurudi ulipokuwa unahitaji tani 25. Kwa hiyo kunoa vizuri kumekupa kilekile ambacho jeki mara tano zaidi ingekupa, na fremu yako haijateseka.

Kumbuka tu kwamba kugandamiza nembo au ua juu ya ngozi ni kazi nyingine. Pale muhuri unagusa kwa uso wake wote, na tani zinahitajika kweli. Watu huchanganya kazi hizi mbili, wakachukua kipimo cha moja na kukipeleka kwa nyingine.

“Sehemu isiyokatika, jeki imeshindwa kuifikia”

Aliyeshindwa kukata kisigino alikuwa na pleti ya milimita 12 juu ya jeki. Jeki inasukuma katikati. Pleti nyembamba inapinda, katikati inapanda na ncha zinabaki nyuma. Macho hayaoni, kwa kuwa nusu milimita inatosha kuiacha ngozi ikiwa mzima.

Kanuni ya kupinda kwa chuma ni kali, na ukiijua inakuwa rafiki. Ukipunguza nusu umbali kati ya nguzo mbili, kupinda kunapungua mara nane. Ukiongeza maradufu kimo cha boriti au unene wa pleti, kunapungua mara nane vilevile. Ndiyo sababu presi nyembamba ya sentimita 35 kati ya nguzo, yenye pleti ya milimita 25, huishinda presi pana ya sentimita 70 iliyojaa vyuma vya mapambo. Kama huna pleti nene, chaneli mbili (vyuma vyenye umbo la U) zilizosimamishwa kwa ubavu zitakusaidia kuliko pleti mbili nyembamba zilizolazwa. Chuma kinapinda kwa shida kikisimama, kwa urahisi kikilala.

Kabla ya kulaumu chochote, weka karatasi nyeupe na karatasi ya kaboni chini ya kisu, gandamiza kidogo, kisha angalia alama. Mahali palipofifia ndipo panapokosa nguvu. Mafundi wa uchapaji hutatua jambo la namna hii kwa kubandika vipande vya karatasi chini ya sehemu iliyofifia, na kwenye ngozi njia hiyo inafanya kazi vilevile.

“Nondo mbili za hesi zinatosha kushika juu na chini”

Hapa naomba usikilizwe moyo wa mtu anayeogopa ajali. Nguzo za presi hazibebi mzigo, zinavutwa: jeki inataka kuitenganisha paa na sakafu ya fremu. Kwa tani 10 zenye nguzo mbili, kila nguzo inavutwa kwa tani 5. Nondo ya hesi ya milimita 20 ina eneo halisi la chuma la milimita za mraba 245 hivi, maana hesi imekula sehemu ya unene. Kila milimita ya mraba inavutwa kwa kilo 20. Chuma laini cha daraja la 4.6 (namba ya uimara wa bolti na nondo) huanza kurefuka bila kurudi kwenye kilo 24 na ushei. Umebakiwa na akiba ndogo mno, hasa ikiwa kisu hakikuwekwa katikati na nguzo moja ikabeba kuliko nyingine. Tumia nne, au shuka kwenye jeki ya tani 6, ambayo kwa soli na kanda inatosha ukiwa na makali mazuri.

Kwenye fremu ya kuchomelea, usiache weldi peke yake ndiyo imshikilie adui. Panga vyuma ili boriti ya juu ijifunge chini ya kipande kilichopita juu yake au kwenye bolti nene zinazopita kwenye matundu, weldi ikiwa ya kuzuia tu visicheze. Weldi mbaya huwa nzuri kwa macho mpaka siku inapoachia.

“Chuma chochote ukikipasha moto na kukitumbukiza majini kinakuwa kigumu”

Nimelisikia hili tangu utotoni na limewafanya watu watengeneze visu vizuri vya umbo visivyokata hata wiki. Kinachofanya chuma kikubali kugumishwa ni kaboni iliyomo. Fleti bar ya dukani na nondo nyingi laini zina kaboni kidogo. Zitumbukize mara mia, zitabaki laini. Springi bapa ya lori ina kaboni ya karibu asilimia 0.6, na ndiyo maana wahunzi wetu huipenda kwa mapanga. Mkanda wa msumeno wa kiwanda cha mbao nao ni chuma kizuri, tena ni mwembamba tayari.

Kwa chuma usichokijua, kiguse kwenye grainda. Chenye kaboni hutoa cheche zinazopasuka na kugawanyika kama maua. Kile laini hutoa michirizi mirefu iliyonyooka.

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko ufundi wa mkono. Chuma kigumu hakikunjwi, kinakatika. Kwa hiyo kipashe kwanza mpaka kiwe chekundu, kisha kifukie kwenye majivu makavu kipoe polepole hadi kesho. Sasa kipinde kwa umbo, chomelea kiungo, halafu toa makali ukiacha ncha nene kidogo. Mteremko wa makali uwe upande wa nje, ukuta wa ndani ubaki wima, ili kipande kinachobaki ndani kiwe na ubavu ulionyooka. Ndipo unakitia maji, ingawa kwa springi ni mafuta, si maji: maji hupoza kwa kasi mno na kisu hupasuka. Joto linalotakiwa liko juu kidogo ya pale sumaku inapokataa kukishika, ambapo ni karibu nyuzi 770; kipandishe kidogo kupita hapo na uzamishe.

Wengi huishia hapo, na ndio wanaopata visu vinavyomeguka kama glasi. Safisha sehemu moja kwa msasa mpaka ing'ae, kisha pasha taratibu tena, karibu nyuzi 200, mpaka rangi ya nyasi kavu itokee. Ugumu unapungua kidogo, uvumilivu unarudi. Ukichomelea kiungo baada ya hatua hii umefuta kazi yote pale weldi ilipopita, na ndipo mkato utakapokuwa unakwama kila siku.

Usiyetaka moto unaweza kuchanja mifereji kwenye plaiwudi ya milimita 18, ukachomeka ukanda wa chuma cha kukatia cha kiwandani, ambacho hutengenezwa makali yakiwa magumu na mwili ukiwa laini wa kupindika. Kimo chake cha kawaida ni milimita 23.8, kwa hiyo makali hutokeza karibu milimita 6. Bandika vipande vya kandambili kuukuu kando ya makali ndani ya umbo. Vitasukuma ngozi itoke badala ya wewe kuichokonoa kwa bisibisi.

“Jeki igeuze tu, isukume kwa chini”

Jeki ya chupa imeundwa kusimama. Pampu yake huvuta mafuta kutoka chini ya hodhi. Ukiigeuza kichwa chini itavuta hewa, na mpini utakuwa laini kama unakamua sponji. Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni jeki chini, pleti juu yake, ikipanda kukutana na paa lisilosogea. Ya pili ni jeki kusimama juu ya pleti iliyoning'inizwa kwa springi, kichwa chake kikisukuma paa na mwili ukishusha pleti. Springi za stendi ya pikipiki zinatosha kuirudisha pleti ndogo ukifungua vali.

“Inakwenda polepole, kwa hiyo haina hatari”

Polepole ndiyo inayomdanganya mtu kuacha kidole. Kisu kirefu kikikaa kando ya katikati kinaweza kuinama, kikafyatuka kuelekea tumboni pako kikiwa na nguvu ya tani nyuma yake. Weka kisu katikati ya mstari wa jeki, juu yake weka pleti iliyo pana kuliko kisu, na funga kizuizi cha plaiwudi au wavu mbele. Mtu mmoja aendeshe. Msaidizi anayepanga ngozi wakati mwingine anapampu ndiye anayeumia.

Yaliyobaki ni madogo lakini yanaudhi. Kuna anayekata moja kwa moja juu ya chuma ili “isizame”; kisu kinakufa siku hiyohiyo. Ubao wa plastiki wa buchani unafaa sana, au gogo la mti mgumu lililokatwa ili nyuzi zisimame wima. Uzungushe mara kwa mara, maana makali yakirudia mfereji mmoja ngozi inazama humo badala ya kukatika. Kuna anayepanga ngozi tabaka nne ili amalize haraka: sponji itakubali, ngozi itateleza na soli ya chini itatoka tofauti na ya juu. Na kuna anayetengeneza visu viwili, cha kulia na cha kushoto. Kimoja kinatosha, kata nusu ya idadi ya soli ngozi ikiwa imelala kifudifudi. Ila kabla ya kuigeuza, zungushia chaki upande wa nyuma mahali penye makovu ya miba na chapa ya moto, kwa sababu ukishaigeuza huyaoni. Presi haijui mgongo wala tumbo. Ngozi ya tumboni hunyumbuka, na kanda iliyotoka huko italegea mguuni hata kama imekatwa kwa unyoofu wa ajabu.

La mwisho ni kulowesha ngozi ili ikatike kirahisi. Ngozi iliyolowa hunyumbuka chini ya kisu, ikikauka inasinyaa, na soli yako inakuwa ndogo kuliko kisu. Kwa ngozi iliyoiva kwa magome, kama ya miwati inayolimwa Njombe, kuna baya zaidi: tanini ya gome (ile dawa inayoivisha ngozi) ikikutana na chuma kwenye unyevu hutoa rangi nyeusi yenye buluu, ileile iliyotumika karne nyingi kutengenezea wino. Doa hilo halitoki kwa kusugua. Kata ngozi ikiwa kavu, lowesha baadaye unapotaka kukunja kanda, na kabla ya kufunga karakana jioni pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi kwenye visu, kisha asubuhi vifute vizuri kabla havijagusa ngozi.